Foleni ya baa imefika barazani kwetu: jibu kwa mama wa Shangani

Swali alilonipelekea mama mmoja wa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa ufupi, ni hili:

"Nyumba yetu iko kichochoroni Shangani, na milango mitatu mbele yetu kuna baa. Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa 3 usiku, wanafunzi wageni waliokuja kusoma kwa muhula, pamoja na vijana wa vyuo vyetu wenyewe, hupanga foleni mpaka barazani kwetu. Wengine wanakuja na chupa mkononi. Mwanangu akirudi kazini hapiti mpaka aombe njia. Mama yangu ni mgonjwa, na sijui tutamtoaje usiku akizidiwa. Alfajiri wanaume wakienda msikitini wanakanyaga vigae vya chupa. Tumeshagombana na walinzi hatukupata kitu. Majirani wengine wanataka tumwage oili chafu barazani wasikae, wengine wanataka twende kwa Mkuu wa Wilaya baa ifungwe. Wewe kazi yako ni kupanga mikusanyiko, unatushauri nini?"

Waalaikumu salaam dada yangu, na Mwenyezi Mungu amjaalie mama afya.

Nianze na jambo ambalo naona limewapotezea nguvu nyingi. Mmekuwa mkigombana na wanafunzi, halafu na walinzi. Foleni ile si ya wanafunzi, ni ya mwenye baa. Mwenye duka akipanga magunia njiani, hakuna anayeugombeza mchele. Biashara yake imemzidi mlango, ikamwagika kwenye njia ya watu, na yeye anachuma huku nyinyi mnabeba mzigo. Shikeni hapo hapo. Kila mtakachoandika na kila mtakachodai kimwelekee yeye na leseni yake.

Najua wapo watakaosema kwamba kwa nchi yetu suala ni pombe yenyewe, na foleni ni jambo dogo. Nawaheshimu, na mimi mwenyewe situmii. Lakini wewe umeniuliza kuhusu njia, mgonjwa na vigae, na hayo yana jibu ambalo halingojei mjadala ule uishe. Hata wangekuwa wanapangia juisi ya miwa, kichochoro kingekuwa kimezibwa vilevile.

Sasa tuangalie foleni inazaliwaje. Nenda siku moja usimame mbali kidogo, utazame mlango tu, usitazame watu. Mara nyingi utaona mlinzi mmoja anafanya kila kitu: anaangalia kitambulisho, anapekua mkoba, anapokea kiingilio, anatafuta chenji, anagonga muhuri mkononi. Tuseme nusu dakika kwa kila mtu. Mlango huo unapitisha watu 2 kwa dakika. Vijana nao hawaji kwa kutawanyika, wanakuja kwa makundi baada ya kula Forodhani. Wakiwa wanafika 5 kila dakika, basi kila dakika watu 3 wanabaki nje, na baada ya nusu saa mna watu 90 kichochoroni, bila mtu yeyote kufanya fujo wala kulewa. Ni hesabu tu ya mlango.

Ukishaiona hesabu hiyo, unajua pa kugusa. Mlinzi aangalie umri na mikoba basi. Kiingilio kilipwe ndani, kwenye meza, na mtu mwingine, au kilipwe mapema kwa simu. Hapo mlango unaweza kupitisha 4 kwa dakika, na wale 90 wanakuwa 30. Gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mwenye baa akikwambia hawezi, mwambie kwamba kila mtu aliyesimama nje ni mtu ambaye bado hajanunua kitu kwake. Nimeona hoja hiyo ikifanya kazi pale ambapo hoja ya ujirani ilishindwa, na sioni aibu kuitumia.

Lakini kuna foleni ya aina nyingine, na hiyo ndiyo mbaya zaidi: ndani kumejaa, na mlinzi anaingiza mmoja kila anapotoka mmoja. Watu 40 wanangoja, na kwa mwendo huo aliye mkiani ataingia saa 8 usiku, ila hakuna anayewaambia. Wanabaki na matumaini, wanachoka, wanakaa barazani, wanatuma mwenzao dukani kutafuta kinywaji, sauti zinapanda. Baa nyingi hupenda foleni ya namna hii kwa sababu inaonekana kama sifa. Mlinzi akishajua ndani hapaingiliki, afunge foleni na aseme waziwazi: "Usiku huu hapana, nendeni mkatembee." Kijana akiambiwa ukweli mapema huondoka bila ugomvi.

Tuje kwenye upana. Hapa naomba uchukue futi kamba, usikisie. Uingereza, ambako wana uzoefu mkubwa wa wanafunzi na baa, mwongozo wao wa njia za miguu unataka mita 2 ziachwe wazi kwa kawaida, na pale pasipowezekana, katika hali nyingi isishuke chini ya mita 1.5, ili mtu na kiti cha magurudumu waweze kupishana. Mtu mmoja aliyesimama ukutani anachukua kama sentimita 60. Jumlisha: ili foleni ya mtu mmoja mmoja isimame na njia ibaki, kichochoro kinahitaji mita 2.1. Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe havifiki hapo. Kama chenu hakifiki, msijadiliane kabisa kuhusu foleni nzuri na foleni mbaya, kwa sababu hakuna foleni inayofaa kusimama hapo. Ingojewe ndani ya jengo, kwenye ukumbi wa kuingilia au uani, au isiwepo. Kama kinazidi, basi foleni iwe upande mmoja tu, mtu nyuma ya mtu, imepangwa kwa kamba, na kila mlango wa nyumba uachiwe nafasi wazi. Pia kuwe na alama ukutani au chini inayoonyesha foleni inaishia wapi. Kuna baa huku pwani ya mashariki ambayo mwenyewe alipiga mstari wa chokaa chini, na mlinzi wa pili kazi yake ni kusimama mstarini tu. Anayefika baada ya mstari anaambiwa arudi baadaye. Mlinzi huyo wa mkiani ana faida kuliko yule wa mlangoni, kwa sababu wa mlangoni haoni kinachotokea mita 20 nyuma.

Umetaja kumtoa mama usiku. Hilo ndilo ningeliweka mwanzo wa barua yenu, kabla ya kelele na kabla ya chupa. Gari ya wagonjwa haiingii kichochoroni, inasubiri barabara kuu, na mgonjwa anabebwa mpaka pale. Watu wanne wenye machela au kiti hawapiti pembeni ya foleni ya watu watatu watatu. Moto ni hivyo hivyo. Nyumba zetu zina sakafu na dari za boriti, na gari la zimamoto linaishia pale pale linapoishia la wagonjwa, kwa hiyo mipira ivutwe kwa mikono na watu wakimbie kwa miguu.

Nitakueleza kisa kimoja cha mbali, kwa kuwa kinafanana na mahali petu kwa sura. Mtaa wa Itaewon, mjini Seoul, Korea Kusini, ni mtaa wa mabaa na vijana. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022 vijana walijaa kusherehekea Halloween. Kulikuwa na kichochoro kinachoteremka, urefu wake kama mita 40, na mahali penye wembamba zaidi palikuwa mita 3.2. Wengine walikuwa wanapanda, wengine wanashuka, na hakuna aliyekuwa amepanga nani apite wapi. Watu 159 walikufa, wengi wao wa miaka ya ishirini, na wengi walibanwa kifua wakakosa pumzi. Simu ya kwanza ya kuwatahadharisha polisi ilipigwa saa 12:34 jioni, na msiba wenyewe ulitokea baada ya saa 4 usiku. Kabla yake zilikuwa zimepigwa simu 11.

Sikukueleza haya ili kukutisha. Watu 90 si maelfu, na hamjafika huko. Nataka ujue alama za hatari. Watu 4 kwenye mita moja ya mraba, mtu bado anaweza kujigeuza. Wakifika 6, mtu hajiendeshi tena, anachukuliwa na umati. Ukiona watu mabega yamebanana kote kote na mmoja akisukumwa wote wanayumba, huo si wakati wa kutafuta kamera. Piga simu polisi, na waombeni walio nyuma warudi nyuma, kwa sababu walio mbele hawana pa kwenda. Na siku za tamasha, kama za Sauti za Busara mwezi wa Februari, watu wanapotoka Ngome Kongwe kwa pamoja, mwenye baa asingojee kuambiwa. Aongeze walinzi, na kichochoro kiwe cha kupita upande mmoja.

Jambo jingine ni juu ya vichwa vyao. Roshani na kuta za Mji Mkongwe nyingine zimechoka, na baada ya Beit al Ajaib kuporomoka upande mmoja mwezi wa Desemba 2020 sidhani kama kuna anayehitaji kushawishiwa. Foleni isisimame chini ya roshani mbovu hata kama kichochoro ni kipana. Kama nyumba ya jirani ina ufa au mbao zinazoning'inia, iandikeni kwenye barua na nakala ipelekeni kwa mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe.

Na ukuta nao. Hukutaja, pengine kwa staha, lakini wanaongoja muda mrefu huku wanakunywa watatafuta pa kukojoa, na hawatatafuta mbali. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chumvi ya mkojo inaingia kwenye chokaa, ikikauka inavimba ndani, na lipu inaanza kumeguka unga unga kutoka chini kupanda juu. Utaiona kama vidonda vyeupe usawa wa goti. Ukipaka saruji juu unazidisha, maana unazuia ukuta kupumua. Dawa ni choo. Mwenye baa awaruhusu walio kwenye foleni watumie choo chake hata kabla ya kulipa, na mlinzi awaambie hivyo.

Kuhusu chupa, ombi liwe moja na lisiwe na mlango wa nyuma: kioo kisitoke nje ya baa, na mwenye chupa mkononi asipokewe kwenye foleni. Atakayetaka kuingia aiache kwenye pipa lililowekwa mwanzo wa foleni. Baada ya kufunga, wafanyakazi wa baa wafagie kichochoro kutoka mlangoni kwao mpaka barabara kuu, na wamalize kabla ya adhana ya alfajiri. Msiache neno "wasafishe" peke yake, andikeni saa. Mzee anayekwenda msikitini na kandambili gizani hapaswi kutafuta njia kwa kupapasa.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia, na watu wengi husahau kukupanga. Vichochoro vyetu vina kuta ndefu na ngumu, sauti haina pa kupotelea, inapanda juu mpaka kwenye madirisha yaliyo wazi kwa joto. Kijana anayezungumza kwa sauti ya kawaida saa 8 usiku anasikika ghorofa ya pili kama yuko chumbani. Kwa hiyo muziki ushuke nusu saa kabla ya kufunga, taa ziongezwe, watu waanze kutoka kidogo kidogo, na teksi na bodaboda zisubiri barabarani, sehemu moja inayojulikana, zisipigiane honi. Mlinzi mmoja awasindikize mpaka hapo. Hasa mabinti. Msichana mgeni aliyelewa, peke yake, ambaye haijui njia baina ya Shangani na nyumba anayokaa, yuko hatarini, na baa iliyomuuzia vinywaji isifunge mlango nyuma yake ikasema imemaliza.

Ndiyo maana siafikiani na wale wanaotaka amri ya kufunga baa zote kwa wakati mmoja, tena mapema. Wafikirie watu wa baa tatu au nne wakimwagwa kichochoroni kwa dakika moja, wote hawajamaliza usiku wao. England na Wales walikuwa na tabu hiyo kwa miaka mingi, mabaa yao yakifunga karibu wakati mmoja saa 5 usiku, na sheria mpya ya leseni ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005, ilikusudia pamoja na mengine kuzitawanya saa hizo. Matokeo yake wanabishana mpaka leo. Lakini ndani ya sheria hiyo kuna jambo ninalolipenda: kuzuia kero kwa umma kumetajwa kuwa miongoni mwa malengo manne ya utoaji wa leseni, na mkaazi anaweza kuomba leseni ipitiwe upya kwa sababu hiyo. Baunsa naye lazima awe na leseni yake mwenyewe na aivae ionekane, kwa hiyo mtu anajua anamshitaki nani. Kule kule, mjini Leeds, kuna matembezi mashuhuri yanayoitwa Otley Run, wanafunzi na vijana wakivaa mavazi ya mzaha na kwenda baa hadi baa kando ya barabara moja ndefu. Wakaazi wa huko hulalamikia yanayotokea njiani pia, baina ya baa na baa, mahali ambapo ni rahisi kila mwenye baa kusema si pake. Kama kwenu pana baa zaidi ya moja, waiteni wenyewe wote pamoja, asiwepo wa kumsukumia mwenzake.

Kwetu mlango wa kwanza ni sheha. Msiende na hasira, nendeni na daftari. Kwa mwezi mmoja, kila Ijumaa na Jumamosi, mmoja wenu aandike kila robo saa: watu wangapi wako nje, foleni imefika mlango wa nani, upana gani umebaki. Aandike pia mtu mgonjwa au mzee aliposhindwa kupita, na asubuhi palikuwa na nini chini. Piga picha za njia na za vigae, usipige nyuso za watoto wa watu ukazisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Hilo litawageuza nyinyi kuwa wakosaji, na mzazi wa binti uliyempiga picha hatakusikiliza tena. Daftari hilo litakwenda kwa sheha, kwa manispaa, kwa polisi na kwa bodi inayosimamia vileo, nakala moja kila mahali, likiwa na majina na saini za nyumba zote za kichochoro. Wakati mzuri wa kulipeleka ni kabla ya mwenye baa kuhuisha leseni yake, kwa sababu hapo anahitaji kitu, na ofisi inayompa ina nafasi ya kumwekea masharti.

Msidai baa "isimamiwe vizuri", maana kila mtu atakubali na hakuna kitakachobadilika. Dai mita, saa na idadi: foleni isipite mlango fulani, kioo kisitoke, mlinzi wa mkiani awepo kuanzia saa 3, kichochoro kiwe kimefagiwa kabla ya alfajiri, na namba ya simu ya meneja ambayo inapokelewa usiku ule ule. Kufungiwa baa kuweni nako mkononi, lakini msikutaje siku ya kwanza. Mwenye baa akishaona hana cha kuokoa hatawafanyia lolote.

Na wanafunzi wenyewe msiwasahau. Wageni wengi wanaokuja kujifunza Kiswahili hukaa na familia zetu, na wanamwita mama mwenyeji "mama" kwa moyo. Maneno yake kumi yanashinda tangazo lolote ukutani: kwamba ile baraza ni sehemu ya nyumba ya mtu, kwamba juu ya dirisha lile kuna bibi mgonjwa, kwamba watu wanaamka saa 10 kwenda kusali. Wengi wanadhani wamesimama mtaani tu, hawajui wamesimama ukumbini kwa watu. Waratibu wa masomo yao wakiombwa wayaseme siku ya kwanza ya muhula, wanayasema. Vijana wetu wa vyuo mnawajua wenyewe, na wazazi wao mnawajua.

Oili chafu hapana. Itaingia kwenye chokaa na haitoki tena, atateleza mtoto wenu kabla ya mlevi yeyote, na mkifika kwa sheha mwenye baa atakuwa na picha yake ya kuonyesha. Ziba baraza kwa kamba usiku wa Ijumaa na Jumamosi, na umwambie mwenye baa kamba hiyo ainunue yeye.

Kikao na sheha kiombeni kiwe baada ya Alasiri, na kifanyike hapo hapo kichochoroni, si ofisini. Mwenye baa ashike ncha moja ya futi kamba, wewe ushike nyingine, mpime pamoja mbele ya watu, na kipimo kiandikwe siku hiyo hiyo kwenye makubaliano mtakayotia saini.